Muvi si stori tu: Tunavyoweza kuisoma filamu kwa jicho la mhakiki

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi hapa mtaani Tena nikisubiri zamu yangu. Wanaoufahamu mtaa huu uliopakana na Umoja na Donholm, katika Eastlands ya Nairobi, wanajua kwamba kibanda cha kinyozi hakikosi vitu vitatu: kioo kirefu, benchi la wanaosubiri, na runinga iliyotundikwa juu ukutani. Siku hiyo runinga ilikuwa ikionyesha filamu ya mateke na ngumi kutoka Uchina, iliyotiwa sauti na DJ Afro. Hakuna aliyekuwa akiitazama kwa makini kwa sababu vijana wawili walikuwa wamezama katika ubishi.

Mmoja alishikilia kwamba Nairobi Half Life ndiyo muvi kali zaidi kuwahi kutengenezwa Kenya. Mwenzake akapinga: "Hiyo ni stori ya wezi tu. Hiyo si tunaiona hapa mtaani kila siku? Afadhali Supa Modo. Ile ilinitoa machozi." Kinyozi, mashine ikinguruma mkononi, akanigeukia: "Prof, wewe ndiwe mtu wa vitabu. Hebu tuamulie. Muvi nzuri ni gani, na mtu anajuaje ni nzuri?"

Nilikohoa kidogo, nikaanza. Nikasimulia jinsi Mwas anavyotoka mashambani kuja Nairobi kutafuta uigizaji, anavyoporwa siku ya kwanza, anavyotiwa seli, anavyoangukia mikononi mwa genge. Kijana wa pili akanikatiza, kwa heshima: "Pole, Prof. Hiyo ni stori, na sisi sote tuliiona. Tunauliza ni nini inaifanya iwe poa."

Nilinyamaza. Nimefundisha fasihi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimesahihisha mamia ya insha na kuandika pambizoni, kwa wino mwekundu, "Unasimulia, huchambui." Leo wino ule ulikuwa umenirudia mwenyewe.

Mpenzi msomaji, safu ya juma hili ni jibu nililopaswa kulitoa pale kwa kinyozi. Lakini kabla ya jibu, pana deni ambalo sina budi kulitaja.

Deni la kale

Miaka mingi iliyopita alinijia mwanafunzi mmoja wa uzamili, mwana wa mitaa hii hii ya Eastlands. Alitaka kuandika tasnifu juu ya watu wanaotia sauti filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng katika vibanda vya video. Sikumpa hata dakika kumi. Nilimwambia, "Kijana, hiyo si fasihi. Nenda kachukue riwaya." Akaenda, akachukua riwaya, akaandika tasnifu ya kawaida, akahitimu. Yale aliyotaka kuyasema hakuyasema. Mimi ndiye niliyemziba mdomo, na sikuwa na sababu yoyote ya kitaaluma. Nilikuwa na mazoea tu, pamoja na dharau ya msomi kwa kitu kinachopendwa na watu wengi.

Dharau hiyo ina mizizi mirefu katika eneo letu. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza waliendesha jaribio la filamu za elimu lililojulikana kwa ufupi kama BEKE. Zilitengenezwa filamu fupi 35, nyingi zikihusu kilimo, afya na mwenendo wa maisha, zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka wa 1939 serikali ya Uingereza ikaunda kitengo maalumu cha filamu za makoloni. Aliyekiongoza, William Sellers, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji filamu za aina yake: za mwendo wa polepole, zisizo na mikato ya haraka, zisizo na ujanja wowote wa kamera. Kwa maoni yake, jicho letu lilikuwa bado halijakomaa.

Zingatia kwamba Sellers hakuzungumzia maudhui peke yake. Alikuwa akizungumzia umbo na mtindo, yaani namna picha zinavyopangwa. Umbo la filamu lilifanywa kuwa mizani ya kupimia akili ya binadamu.

Kuna kisa kimoja kilichosimuliwa sana enzi hizo, na ambacho Marshall McLuhan alikirudia katika kitabu chake cha 1962, The Gutenberg Galaxy. Wanakijiji Waafrika walionyeshwa filamu juu ya usafi wa mazingira. Ilipokwisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Waliokuwa wakiionyesha wakashangaa, kwani hawakujua kuwa filamu yao ilikuwa na kuku. Walipoikagua picha kwa picha, wakamkuta: alipita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja hivi.

Kwa miaka mingi kisa hiki kilitolewa kuwa ushahidi kwamba Mwafrika hajui kutazama filamu. Mimi nakisoma kinyume chake. Waliotengeneza filamu hawakumwona kuku wao wenyewe. Wanakijiji walimwona. Sasa nani aliyekuwa na jicho? Tumshike kuku huyo, tutamrudia.

Umbo ni nini?

Wanafunzi wengi wa filamu duniani huanza na kitabu kilichoandikwa na Wamarekani wawili, David Bordwell na Kristin Thompson, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1979. Hoja yao kuu ni nyepesi kuieleza, ingawa si nyepesi kuizoea: filamu si mkoba wa ujumbe, ni mfumo. Kila sehemu ina kazi yake, na sehemu hizo zinategemeana kama mbao za paa. Uhusiano huo wa sehemu zote ndio tunaouita umbo.

Msomaji aliyepitia shule ya upili nchini Kenya hatakuwa mgeni hapa. Kiswahili kimempa msamiati ambao pengine aliuacha katika chumba cha mtihani: fani na maudhui, mbinu rejeshi, kiangazambele, taharuki, takriri, sadfa, usambamba, maleba. Maneno haya yote yanafanya kazi katika filamu. Tuanze na tofauti moja ya msingi, kati ya kisa na msuko.

Kisa ni matukio yote kwa mpangilio yalivyotokea, hata yale tunayoachiwa tuyakisie. Msuko ni yale tunayoonyeshwa, kwa mpangilio tunaoonyeshwa. Katika Kati Kati, filamu ya Mbithi Masya ya mwaka wa 2016, mwanamke aitwaye Kaleche anajikuta nyikani bila kumbukumbu yoyote. Kisa chake kilianza zamani, lakini msuko unaanzia pale asipojua lolote. Kwa hiyo sisi nasi hatujui lolote. Tunatafuta pamoja naye, na kutafuta huko ndiko kunakotufunga kwenye kiti.

Hapa kuna swali kubwa ambalo mhakiki hana budi kuliuliza: nani anajua nini, na anakijua lini? Alfred Hitchcock alipenda kulieleza kwa mfano wa bomu. Watu wamekaa mezani wakizungumza, mara bomu linalipuka. Hadhira inashtuka kwa sekunde chache, basi. Lakini ukiionyesha hadhira bomu lililo chini ya meza mapema, mazungumzo yale yale ya kawaida yanageuka mateso. Matukio ni yale yale, ila ujuzi wa mtazamaji umebadilishwa. Hiyo ndiyo taharuki, na chimbuko lake ni msuko.

Sasa turudi kwa Mwas. Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga na kutoka mwaka wa 2012, inaanzia kijijini. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anauza filamu za kigeni, na ili wateja wanunue anawaigizia vipande vya filamu hizo. Inapofikia mwisho, Mwas yuko jukwaani katika ukumbi wa maonyesho, anaigiza mbele ya hadhira ya mjini. Filamu inafunguka kwa mtu anayeigiza na inafungwa kwa mtu anayeigiza. Hii ni takriri, lakini ni takriri yenye tofauti. Kule mwanzo alikuwa amevaa ushujaa wa kuazima kutoka ng'ambo. Huku mwisho anasimama akiwa ametoka kushuhudia wenzake wakiuawa, na hadhira inayompigia makofi haijui alikotoka. Sisi tunajua. Pengo hilo kati ya wanachokijua wao na tunachokijua sisi ndilo linalochoma. Ni kinaya, nacho kimejengwa na umbo la filamu nzima, wala hakimo katika sentensi moja ya mazungumzo.

Kijana aliyesema "ni stori ya wezi tu" alikuwa sahihi kuhusu kisa. Wezi tunawajua. Msuko ndio aliouruka.

Mtindo na zana zake nne

Umbo ni mpangilio wa jumla. Mtindo ni namna zana za filamu zinavyotumiwa kuujenga mpangilio huo. Zana zenyewe ni nne.

Ya kwanza ni vyote vilivyowekwa mbele ya kamera: mandhari, maleba, mwangaza, na mwili wa mwigizaji. Riwaya inaweza kusema "alikuwa maskini" ikaendelea na safari. Filamu haiwezi kusema hivyo bila kuchagua viatu. Viatu gani? Vya rangi gani? Vimechakaa upande upi? Katika Nairobi Half Life, maisha mawili ya Mwas yanatenganishwa kwa mahali. Upande mmoja kuna ukumbi wa maonyesho, wenye jukwaa, taa na nafasi ya kujinyoosha. Upande wa pili kuna kule wanakokuita Gaza, kwenye msongamano na vipuri vya magari ya wizi. Usambamba wa sehemu hizi mbili unatuonyesha maana ya jina la filamu kabla mhusika yeyote hajaitamka.

Zana ya pili ni kamera yenyewe. Iko umbali gani na mhusika? Iko juu yake, chini yake, au usawa wa macho yake? Imetulia au inatikisika? Kipande kinachopigwa bila kamera kukatizwa ndicho watengenezaji wetu wanachokiita shoti. Picha ya mbali humwonyesha mtu ndani ya ulimwengu wake. Picha ya karibu humwonyesha mtu ndani ya nafsi yake. Lakini jihadhari na kanuni za kukariri. Si kweli kwamba kila picha iliyopigwa kutoka juu humfanya mtu aonekane mnyonge. Inategemea picha iliyotangulia na ile inayofuata. Neno nalo huwa hivyo: "haya" ya kumfukuza mtu na "haya" ya kuonea aibu hutofautishwa na jirani zake katika sentensi.

Hilo linatupeleka kwenye zana ya tatu, uhariri, yaani kuunganisha shoti moja na nyingine. Mrusi Lev Kuleshov anakumbukwa kwa jaribio alilolifanya karne moja iliyopita. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji ambao haukuonyesha hisia yoyote, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha ya jeneza, kisha ya mwanamke. Husimuliwa kwamba watazamaji waliusifu uso ule kwa kuonyesha njaa, huzuni na mapenzi, ilhali ulikuwa uso ule ule. Maana haikuwa katika picha ya kwanza wala ya pili. Ilizaliwa kwenye mkato, katika kichwa cha mtazamaji.

Hebu sasa mkumbuke Sellers aliyesema kwamba jicho letu haliwezi kufuata mikato. Mtoto wa miaka sita hapa Tena, aliyeketi kwenye ngazi za ploti na simu ya mamake, anafuata mikato thelathini kwa dakika moja bila kupepesa. Hakufundishwa na mtu. Alichokosa ni maneno ya kuelezea anachokifanya. Na maneno hayo, wenzangu wa Kiswahili, ni kazi yetu.

Zana ya nne ni sauti, na hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Kuna sauti za ndani ya ulimwengu wa hadithi, ambazo wahusika wanazisikia: honi ya matatu, mlango, mazungumzo. Kuna na sauti za nje ya ulimwengu huo, kama muziki wa huzuni ambao mhusika hausikii ila sisi tunausikia. Katika filamu zetu kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya ng'ambo havilizungumzii vya kutosha, nalo ni uchaguzi wa lugha. Katika Nairobi Half Life tunasikia Kikuyu, Kiswahili, Sheng na Kiingereza. Kila lugha inafungua mlango mmoja na kufunga mwingine: ya nyumbani, ya mtaani, ya wenye ukumbi. Mwas anapohama lugha anahama pia tabaka, mwili na hatari. Mhakiki anayeandika kwamba filamu hii "imetumia lugha nyepesi na ya kuvutia" hajasema kitu.

Fanani kwenye kibanda cha video

Nimemtaja DJ Afro hapo juu, na sasa namrudia kwa sababu yeye ndiye deni langu.

Anachofanya ni nini hasa? Anachukua filamu ya Hong Kong, India au Hollywood, anaishusha sauti yake ya asili, kisha anaweka yake juu. Picha haziguswi. Anabadilisha zana moja tu kati ya zile nne, na kwa kufanya hivyo filamu nzima inabadilika. Wahusika wanapata majina na tabia za huku kwetu. Adui anasutwa kabla hajafanya uovu wake. Jambo ambalo mwongozaji alilificha hadi dakika ya tisini, msimulizi anaweza kulidokeza mapema, na hapo mshtuko unageuka taharuki, lile bomu likiwekwa wazi chini ya meza. Filamu ya huzuni inapata kicheko. Mtazamaji sasa anafuata hadithi mbili kwa wakati mmoja: ile ya picha na ile ya sauti.

Msomaji wa fasihi simulizi anamjua mtu huyu. Ni fanani. Anaijua hadhira yake, anaitania, anaipa pumzi, anaiuliza maswali asiyotarajia yajibiwe. Hayuko peke yake. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyepata umaarufu kwa kuzitia filamu za kigeni Kiswahili kwenye kanda za video. Kampala ina mafundi wake waitwao "vijei", akiwemo VJ Jingo, na filamu ya Uganda iitwayo Who Killed Captain Alex? ya mwaka wa 2010 inajulikana duniani kwa kiasi kikubwa kutokana na sauti ya VJ Emmie inayoisindikiza. Hata Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwa na wasimulizi wao walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia na kuisimulia filamu, na baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji.

Ajabu ni kwamba watengenezaji wetu wa filamu walilitambua jambo hili kabla yangu. Katika Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka wa 2018, yumo Mike, msimulizi wa filamu wa kijiji. Jo, msichana wa miaka tisa aliye na maradhi yasiyopona, anapenda mno filamu za mashujaa. Dada yake Mwix anakishawishi kijiji kizima kijifanye kwamba Jo ana nguvu za ajabu, na hatimaye kijiji kinatengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake.

Turudi sasa kwa kijana aliyetokwa na machozi. Kwa nini alilia? Kisa cha mtoto mgonjwa kingeweza kumliza mtu yeyote, na tamthilia mbovu za runinga hutuliza kwa kisa hicho kila juma. Lakini katika Supa Modo tunajua tangu mapema kwamba Jo hatapona, na tunajua pia kwamba miujiza anayotendewa ni maigizo. Kila tendo la furaha linabeba maarifa hayo mgongoni. Isitoshe, wanakijiji wanapotengeneza filamu yao kwa vifaa hafifu, tunaoneshwa jinsi filamu inavyoundwa: maleba ya kushona, ujanja wa kamera, uigizaji wa majirani. Tunaiona nyuzi kwa nyuzi na bado tunaiamini. Filamu hii inatufunulia siri ya ufundi wake, halafu inatuliza kwa ufundi huo huo. Kijana wangu hakulizwa na stori pekee. Alilizwa na umbo.

Hatua za uchambuzi

Kwa mwalimu, mwanafunzi, au mtazamaji wa kawaida anayetaka kuanza, ninapendekeza hatua tano.

Kwanza, itazame filamu mara moja kwa starehe. Cheka, lia, pigana na jirani. Mhakiki asiyefurahia ni kama mpishi asiyeonja.

Pili, chagua onyesho moja fupi, dakika mbili au tatu, ulirudie. Lizime sauti ulitazame; kisha liwashe sauti ufumbe macho ulisikilize. Utashangaa ni mambo mangapi yalikupita.

Tatu, andika unachokiona kabla ya kuandika kinachomaanisha. Shoti ni ngapi? Kamera iko wapi? Taa inatoka upande gani? Nani anazungumza lugha gani? Hatua hii inachosha, na wengi wanairuka. Ndiyo maana wengi wanabaki wakisimulia.

Nne, uliza kazi ya kila kitu. Kingeondolewa, filamu ingepoteza nini? Je, kinarudi mahali pengine? Kinarudi kikiwa vile vile, au kimebadilika?

Tano, hapo ndipo useme maana. Dai lako lisimame juu ya vitu ambavyo mtu mwingine anaweza kuvitazama na kuvihakiki. "Filamu hii inahusu umaskini" ni dai ambalo halina pa kushika. "Filamu hii inaanza na kumalizika kwa mtu yule yule akiigiza, lakini hadhira ya mwisho haijui gharama ya uigizaji huo" ni dai linaloweza kubishaniwa. Ubishi huo ndio elimu.

Hatua hizi zitawafaa hata wale wanaopenda kulinganisha kitabu na filamu. Amil Shivji alipoigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu mwaka wa 2021, lilizuka lile lalamiko tunalolisikia kila mara riwaya inapogeuzwa: "mbona wameacha sura fulani?" Swali hilo linaangalia kisa. Swali la mhakiki ni jingine. Riwaya inaweza kuingia kichwani mwa Yasmin na kutueleza anachokiwaza kwa aya nzima. Filamu ina uso, mwangaza, kimya na wimbo. Imevitumia vipi kufika pale riwaya ilipofika, au kufika pahala riwaya isipoweza kufika? Ukijibu hilo, umezitendea haki kazi zote mbili.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Huenda mtu akauliza: Prof, haya yote ni ya nini wakati watu wanatafuta unga? Nitajibu kwa mambo mawili.

Mosi, mtaala wa umilisi umeweka somo la thieta na filamu miongoni mwa masomo ya mkondo wa sanaa na michezo katika shule za upili. Watoto wa mitaa hii watalisoma. Ikiwa wataalamu wa Kiswahili watakaa kimya, mtoto atajifunza kuizungumzia filamu ya Sheng na Kiswahili kwa Kiingereza peke yake, kisha atarudi nyumbani na kuambiwa kwamba lugha yake haina maneno. Nimejaribu kuonyesha katika makala haya kwamba maneno mengi tunayo tayari, na yaliyobaki yanaweza kuundwa au kukopwa bila aibu.

Pili, asiyejua jinsi picha zinavyopangwa anapangwa nazo. Video ya sekunde ishirini inayokufikia kwa simu wakati wa siasa ina msuko, ina mkato, ina sauti iliyowekwa juu ya picha. Nani aliichagua sauti hiyo? Kabla ya shoti ya kwanza kulikuwa na nini? Baada ya shoti ya mwisho kuliendelea nini? Raia anayeuliza maswali haya haburutwi kwa urahisi.

Kuku wa mwisho

Zamu yangu ilipofika nilikaa kitini, nikafungwa kile kitambaa shingoni. Kinyozi akanikumbusha: "Prof, hujatuambia." Nikawaelezea habari za wale wanakijiji na kuku wao. Wakacheka sana. Kisha nikawaambia muvi nzuri ni ile ambayo ukimtafuta kuku wake utamwona, na ukishamwona utagundua hakupita pale kwa bahati mbaya. Kijana wa kwanza akasema atairudia Nairobi Half Life usiku huo, sauti ikiwa imezimwa. Wa pili akamuuliza kama bando yake itatosha.

Na wewe mwanafunzi wangu wa zamani, uliyetaka kuandika juu ya mafundi wa sauti kwenye vibanda vya video: jina lako silitaji, lakini unajijua. Ulikuwa umemwona kuku, nami nikakwambia ufute macho. Nilikosea. Ikiwa bado una ile rasimu, niletee niisome, na safari hii sitaishika kalamu nyekundu.

Juma lijalo, Mungu akijalia, tutaangalia istilahi za uhariri na namna wahariri wa filamu wa mitaani wanavyoziunda wenyewe. Hadi wakati huo, mpenzi msomaji, zima sauti kidogo uone.